Zile Risasi Usizikaushe

Silibwet,
4 Aprili 1956

Kwa Baba yangu, Lazarus Oyoo,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na Mama. Je, mgongo wa Mama umepata nafuu, ama bado unamsumbua mvua ikinyesha? Sisi huku ni wazima. Akeyo mke wangu anawasalimu. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata mkanda wangu wa kazi.

Baba, najua miaka mitatu imepita bila barua. Siku ile nilipokataa kazi ya kiwanda cha chai ulisema nikienda kuwa askari wa wanyama wa pori, nisije kukutafuta taabu ikinipata. Basi taabu imenipata, na ninakutafuta.

Kuna ndovu dume wa pembe moja anayetoka msitu wa Mau kila baada ya siku mbili tatu. Amemaliza mahindi ya watu huku, na wiki iliyopita aliua mzee mmoja Mkipsigis aliyekwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Ofisi imeniamuru nimpige. Bunduki ninayo, ile kubwa tunayoiita fo-o-fo. Shida ni risasi. Stoo ina maboksi mawili tu yanayoingia bunduki hiyo, na nimeambiwa nichague moja.

La kwanza ni jipya, risasi za pua laini. Karani wa stoo anasema zikiingia mwilini zinapanuka na kuangusha chochote chenye miguu minne. La pili ni risasi ngumu, lakini ni za kabla ya vita na zimekaa penye unyevu. Nyingine zimeota ukungu wa kijani. Mwalimu wetu alisema ndovu apigwe kwa ngumu, lakini hakusema kama ni ngumu iliyooza. Risasi ikikataa kulia mbele ya ndovu, hakuna mtu wa kumlaumu, maana mwenyewe umeshakufa.

Wewe ulibeba bunduki ya Bwana mwindaji miaka minne. Ungechukua boksi gani?

Ni mimi mwanao,
Otiende


Kericho,
11 Aprili 1956

Kwa mwanangu Otiende,

Kumbe mkono wako haujakatika! Nilidhani umesahau kuandika. Salamu kwako, kwa Akeyo na kwa huyo mjukuu wangu mwenye meno. Mama yako Jerusa yuko mzima, mgongo wake unauma wakati wa kulima tu, wakati wa kwenda sokoni hauumi. Mimi niko palepale kiwandani, chumba cha kukaushia majani, na sasa ni nyapara juu ya watu sita.

Nimeisoma barua yako mara tatu, halafu nikamsomea kila mtu aliyekaa karibu. Umefanya vizuri kuuliza mtu anayejua.

Sikiliza. Chukua ngumu. Huyo karani wa stoo aende akachunge mbuzi. Mwaka wa 1931, kule Uaso Nyiro, Bwana alipiga ndovu katikati ya kipaji cha uso kwa risasi ya pua laini. Ndovu alitikisa kichwa kama mtu aliyeumwa na siafu, halafu akaja mbio. Aliangushwa na risasi ngumu ya bwana mwingine, hatua chache kutoka miguuni petu. Kichwa kilipochunwa niliikuta ile laini chini ya ngozi, imebapa kama kifungo cha koti. Hata mfupa haikupita. Niliishika kwa vidole hivi.

Kuhusu unyevu, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mimi nimekausha chai miaka kumi na minne na unyevu haujanishinda bado. Zipange risasi kwenye ungo, uziweke juu ya moto wa Akeyo, pale mnapotundika mbegu za mahindi. Moto uwe mdogo, lakini usizimike. Siku nne. Kila jioni zigeuze. Siku ya tano utazipata zimekauka vizuri, na zote zitalia. Hata kule porini sisi wabeba bunduki tulifanya hivyohivyo.

Nenda ukampige, nyathina, mwanangu. Mungu akutangulie.

Baba yako,
Lazarus Oyoo


Kericho, Jumapili
15 Aprili 1956

Otiende mwanangu,

Leo sitauliza habari za mtu. Zile risasi usizikaushe! Kama ziko juu ya moto, ziondoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Jana wakati wa chai nilikuwa namweleza Mosoti, yule Mkisii tunayefanya naye kazi kwenye mashine, vile nilivyokushauri. Mosoti alipigana Burma. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye ungo, halafu akasimama, chai yake ikamwagika yote. "Oyoo, umemwambia mtoto wako nini?" Anasema baruti ikipashwa moto siku nyingi inaharibika. Risasi nyingine inakataa kabisa. Nyingine inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, na ganda linakwama ndani ya bunduki, usiweze kulitoa wala kuingiza lingine. Na ndovu yuko mbele yako. Sijalala.

Nilimwambia Mosoti kwamba sisi wabeba bunduki tulikuwa tukikausha. Akaniuliza, "Bunduki hiyo uliyobeba ilikuwa ya aina gani?" Nikasema ilikuwa ndefu. Akaniuliza risasi zake zilikuwa na uzito gani. Nikasema zilikuwa nzito. Akaenda kuchukua fagio.

Mwanangu, sikubeba bunduki, hata siku moja. Nilibeba sufuria. Miaka yote minne nilikuwa mpishi wa Bwana. Mwaka wa 1933 niliporudi nyumbani wanaume waliniuliza huko nilikuwa nikifanya kazi gani. Mwanamume wa Kijaluo awaambie wenzake alikuwa akikanda unga na kuosha masahani? Nikasema nilibeba bunduki. Nilifikiri ni neno la jioni ile tu, na mpaka leo sijaweza kulirudisha.

Ile risasi iliyobapa ni kweli, naapa. Niliikuta mimi, nikichuna kichwa nitafute nyama ya kuwapikia wapagazi. Lakini habari ya kukausha niliitoa kichwani mwangu, kwa sababu uliniuliza na nilitaka kuwa na jibu. Ni mambo ya chai hayo. Mtu akizoea kazi moja anafikiri dunia yote ni majani mabichi.

Nisamehe. Ondieki, kondakta wa basi, ameniahidi ataifikisha barua hii dukani kwenu kwa mkono wake mwenyewe. Nijibu hata kwa neno moja.

Baba yako


Kericho,
26 Aprili 1956

Otiende,

Siku kumi na moja, na kimya. Ondieki anasema ile barua yangu ya kwanza uliichukua, lakini ya pili bado iko dukani, mwenye duka hajakuona tena. Anasema uliondoka kwenda msituni.

Uliondoka na risasi gani? Zilikaa juu ya moto siku ngapi?

Nimemwomba Bwana meneja ruhusa, akasema mpaka mwisho wa mwezi. Basi nalo haliendi kila siku kwa sababu ya matope. Mama yako anaendelea kusuka kikapu chake na kuniambia nitulie. Sijui mwanamke huyu ana moyo gani. Jumapili nisipopata habari nitakuja kwa miguu, kazi au hakuna kazi.

Ukiwa hai ukasoma barua hii, tukana kadiri unavyotaka. Nitafurahi.

Baba yako


Silibwet, Ijumaa
27 Aprili 1956

Baba yangu mpendwa,

Niko mzima. Sina hata mchubuko, isipokuwa bega, ile fo-o-fo inapiga teke mbele na nyuma. Ndovu amekufa. Tulia, kaa chini, mwambie na Mama, ndipo uendelee.

Nimetoka msituni leo asubuhi na nimezikuta barua zako mbili pamoja. Nimezisoma nimesimama palepale dukani, mwenye duka akanipa kiti.

Risasi hazikufika jikoni, Baba. Jambo la kwanza tulilofundishwa na mwalimu ni kwamba risasi haziwekwi karibu na moto. Na hata kama ningetaka, Akeyo angenifukuza pamoja na ungo wangu. Zile zilizoota kijani kwenye fataki, pale nyuma panapogongwa, nilizirudisha stoo. Zilizobaki nilizifuta kwa kitambaa kikavu. Nilipiga tatu kwenye gogo, zote zikalia. Ndipo nikaenda.

Tumemfuata ndovu huyo siku kumi na tatu, mimi na mfuata nyayo wangu, katika mvua. Juzi asubuhi tulimkuta kwenye mianzi. Nilikuwa nataka nimzunguke nimpige ubavuni, lakini upepo uligeuka akatusikia. Alikuja moja kwa moja, hatua ishirini, kichwa tu mbele yangu. Sikuwa na pengine pa kupiga. Nilipiga kipaji cha uso. Magoti yalimwisha akaanguka, na risasi tuliikuta nyuma kabisa, shingoni, imenyooka vilevile. Mfuata nyayo wangu alikaa chini kwenye matope akacheka kama mwendawazimu.

Kuhusu unyevu nilijua. Kuhusu ngumu na laini, sikuwa na hakika, na karani alikuwa amekwisha kuniandikia boksi la laini kwa sababu ni jipya. Barua yako ilipofika nilirudi nikabadilisha. Ningekuwa na laini juzi, usingekuwa unasoma barua hii. Kwa hiyo usiombe msamaha mara mbili.

Na hilo la sufuria. Baba, nilijua tangu nikiwa darasa la pili. Nilipigana na watoto waliosema wewe ni mwongo, nikarudi nyumbani na damu puani. Mama aliniosha akaniambia, "Baba yako alikuwa mpishi, tena mpishi hodari. Lakini usimwambie unajua."

Utaniuliza mbona basi nilikuandikia kuhusu risasi. Nilikuwa nakwenda kwa ndovu aliyeua mtu. Nilitaka kupata neno lako kabla sijaenda, na baada ya miaka mitatu sikujua barua inaanzaje.

Ni mimi mwanao,
Otiende


Kericho, Jumapili
29 Aprili 1956

Otiende mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Asante Mungu. Ondieki alinikuta tayari niko barabarani, nimevaa viatu vya kanisani na matope mpaka magotini. Alisimamisha basi zima akanipungia barua dirishani. Nilisoma pale "niko mzima" nikashindwa kuendelea. Abiria walidhani nimefiwa. Niliwaambia hapana, kinyume chake, ndipo nikalia vizuri.

Nilipofika nyumbani nilimkabili mama yako. Nikamwambia, "Jerusa, miaka yote hii ulijua kuwa mtoto anajua?" Hata kikapu hakukiweka chini. Akasema, "Ningekuambia nini? Ulikuwa unafurahi sana." Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Nilicheka mpaka yeye akacheka, na mgongo ukamuuma kweli safari hii.

Mosoti nimemwambia pia. Anasema alikwisha kukisia, kwa vile ninavyoonja chumvi ya chakula cha watu wengine.

Sasa sikiliza, na usibishe. Jumamosi ya tarehe 12 Mei mje wote, wewe, Akeyo na mjukuu. Nimemkataza mama yako kugusa jiko siku hiyo. Sijashika mwiko tangu niliporudi nyumbani, nikiogopa macho ya watu, lakini mikono haisahau. Nitawapikia kuku wa mchuzi, halafu nitawaokea mkate ndani ya debe, makaa chini na makaa juu, vile nilivyomwokea Bwana miaka minne porini. Mlango wa jikoni nitauacha wazi. Majirani wakipita, wapite waone.

Baba yako,
Lazarus Oyoo