Orodha Haijui Mkono wa Mtu

Kahama, Jumatano. Joto kali, vumbi la malori limeingia mpaka ndani ya kibodi. Moyo nao hauko safi.

Leo Mama Kulwa amefukuzwa kazi kwa kosa ambalo hakulifanya, na shahidi aliyemponza nimemtengeneza mimi.

Nieleze taratibu, maana hata nikiwa peke yangu siachi ualimu. Tangu nistaafu kufundisha hesabu ninaandika mfumo wa kuendeshea kompyuta, wenye maneno ya Kiswahili, kwa ajili ya ofisi ndogo za mji huu. Ofisi ya Ngassa, mnunuzi wa dhahabu, ndiyo ya kwanza kuujaribu. Ukiwasha kompyuta, pembeni mwa skrini unaona orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. La mwisho kufunguliwa hukaa juu, mengine husukumwa chini. Niliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Nilimfikiria karani anayekwenda kunywa chai, akirudi anakuta kazi yake inamsubiri.

Sikumfikiria mtu anayetafuta mwizi.

Ngassa alikulia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji huko Geita. Kule mtu aliyepata mwamba mzuri haachi nyayo. Ukimuuliza anatoka wapi, anakujibu, "Huko huko." Sasa siku hizi mnunuzi mwenzake amekuwa akimzidi bei kidogo tu, kila mara, kana kwamba amemchungulia. Ngassa akashuku bei zake zinavujishwa, akaanza kukagua. Jioni, karani wake Mama Kulwa akishaondoka, anafungua faili lake la bei, analitazama, analifunga. Kwake yeye kulifunga ni kama kufukia shimo: hakuna kinachobaki. Asubuhi anafika na kukuta Mama Kulwa ameshafungua ofisi, kompyuta inawaka, na faili la bei liko juu ya orodha.

Nyayo zake mwenyewe. Akamsingizia mwingine.

Nilipofika leo kuangalia mfumo unavyokwenda, nilimkuta mama wa watu anakunja kanga yake na kikombe chake ndani ya mfuko.

"Mashine yako haina uongo, mzee," Ngassa aliniambia. "Ona mwenyewe. Juu kabisa!"

Nilimwomba afungue barua yoyote, kisha aifunge. Barua ikapanda juu, faili la bei likashuka. Nikamwambia orodha inalijua faili, haiujui mkono uliolifungua. Nikamuuliza jana jioni nani alikuwa wa mwisho kukaa kwenye kiti kile.

Alikitazama kiti. Alikuwa ameelewa. Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi, mtu aliyeelewa namjua usoni.

Nadhani angemrudisha. Lakini mlangoni walikuwa wamekaa madalali wawili, na mmoja wao akapiga kofi pajani: "Bosi, kumbe mwizi wako ni wewe!" Wakacheka mpaka wakakohoa.

Pale ndipo kazi ya Mama Kulwa ilipokwisha.

"Itoe hiyo orodha yako, mzee," Ngassa alisema bila kunitazama. "Na huyo mama aende. Nimeshasema, nimesema."

Hivyo shahidi na mshtakiwa wametolewa nje pamoja. Hakimu amebaki kitini, na mimi sikumtikisa hata kidogo kwa maelezo yangu mazuri.

Nje Mama Kulwa alinisalimu kama siku zote. "Shikamoo mwalimu." Niliitikia marahaba nikiutazama mfuko wake. Kisha akasema, polepole, "Mimi hiyo mashine yako nilikuwa naisifia kwa watu."

Afadhali angenitukana.

Jambo linalonichoma nimelibakiza mwisho. Nilipokuwa nikichora orodha ile, kila faili lilikuwa na saa ya kufunguliwa kwake pembeni. Saa ingemtetea: jioni, yeye yuko nyumbani anapika. Nikaifuta. Niliona inajaza skrini, majina peke yake yanapendeza zaidi.

Orodha nitairudishia saa yake, lakini si kwa Ngassa. Kesho naung'oa mfumo wote pale ofisini kwake, abaki na kompyuta tupu na mdomo wake. Halafu nitapita nyumbani kwa Mama Kulwa, na najua atanikaribisha, ataniwekea kiti, atanisalimu kwa heshima ileile.

Nimwambie nini? Kwamba saa yake ilikosa nafasi?