Kwa Noor, Niliyemtoa Kwenye Somo la Mitosisi

Mwanafunzi wangu Noor, mkaidi wa Kidato cha Nne,

Assalamu alaykum. Nimekusalimu kwa sababu dini imeniamuru, si kwa sababu nimepoa. Wiki saba dawati lako liko tupu. Saba! Mtihani wa taifa uko mlangoni, jina lako limesajiliwa, na wewe uko huko upande wa Masalani unachunga ngamia wa baba yako kama mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Unanitakia nini, Noor? Presha?

Na laiti ungekuwa mjinga, ningekusahau. Unakumbuka kile kitunguu? Nilikiweka juu ya glasi ya maji katika chumba cha walimu kiote mizizi, tuitazame seli ikigawanyika kwa macho yetu badala ya kukariri picha za kitabu. Siku ya tatu walimu wenzangu wakakikatia kachumbari. Nilipiga kelele mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Kesho yake ukaja na vitunguu vitatu kutoka mashamba ya kando ya mto, umevifunga ndani ya shali, ukasema utavilea mwenyewe nyumbani juu ya kabati la mama yako, mbuzi wasivifikie. Ukavilea kweli. Ukavirudisha vina mizizi mirefu, myeupe, na ukanikabidhi bila maneno mengi.

Hadubini yetu ni moja, kioo chake kina ufa, na kuipata nuru lazima tulifukuze jua dirisha hadi dirisha. Wewe ukaing'ang'ania. Foleni nzima nyuma yako inanung'unika.

"Noor, wenzako!"

"Mwalimu, ngoja kidogo. Moja inagawanyika."

"Haigawanyiki! Imekufa, tumeipaka rangi!"

"Basi ilikufa ikigawanyika," ukanijibu, jicho bado kwenye lenzi.

Nilicheka siku ile. Nilikwambia hata mimi chuoni sikuwahi kuitazama seli kwa hamu namna hiyo. Nakukumbusha ili ujue sikukuchukia, maana naambiwa huko uliko unafikiri hivyo.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Tulikuwa tunadurusu. Joto la Garissa mwalijua nyinyi mliozaliwa nalo. Mimi mtoto wa Malindi, saa nane mchana akili yangu huwa imeshaondoka, kimebaki kiwiliwili na chaki. Silabasi inanikimbiza. Nikachora duara ubaoni, mzunguko wa seli. Ile sehemu kubwa ya duara nikaipita mbio: "Hii interfezi, hapa seli imepumzika, tusipoteze wakati." Nikaruka kwenye profezi, metafezi, anafezi, telofezi, muimbe kama kawaida yenu. Kisha, kwa ujuaji wangu, nikaona niwape mfano wa kwenu. Mimi, ambaye ngamia namjua kwa maziwa yake ndani ya chai! Nikasema mzee ana ngamia arobaini na sita, anawagawia wanawe wawili, kila mmoja anakwenda zake. Hiyo ndiyo mitosisi.

Ukanyoosha mkono. "Mwalimu, hapo kila mtoto ana ishirini na tatu. Wajukuu je? Nikijikata mguu, seli zigawanyike hivyo mpaka kidonda kipone, si ngamia itakuwa imeisha?"

Darasa likacheka. Ningekusikiliza saa ile, tusingefika huku. Nikasema huo ni mfano tu, keti. Hukuketi.

"Mwalimu, kwetu kwanza ngamia inazaa, ndio mzee anagawa. Umeruka kitu."

"Mtihani hauulizi uzazi wa ngamia!"

"Hiyo interfezi ndio nasema. Ngamia yenye mimba ikisimama kivulini, haijapumzika, Mwalimu. Iko kazini."

Wakaangua kicheko, nami nikadhani wananicheka mimi. Nikakwambia toka nje, usirudi mpaka upate adabu. Ukakusanya vitabu vyako vyote, ukapita mbele yangu polepole ukitazama chini. Nikasema moyoni, atarudi kipindi kijacho.

Hukurudi. Mwanzo nilikasirika. Kisha nikakasirika zaidi. Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Swali: seli yenye kromosomu arobaini na sita ikigawanyika kwa mitosisi, kila seli mpya itakuwa na ngapi? Nikafungua karatasi ya kwanza: ishirini na tatu. Ya pili: ishirini na tatu. Ya tano, ya kumi, yallah, darasa zima! Nikaitupa kalamu nyekundu. Nikawatukana kimoyomoyo, nikamtukana na mwalimu aliyewafundisha, halafu nikakumbuka mwalimu huyo ni nani. Nilikaa pale kwenye meza nikitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Katika interfezi kila kromosomu hunakiliwa kwanza, ndipo seli igawanyike, na kila upande uondoke na zote arobaini na sita. Haijapumzika hata kidogo. Ulinieleza, kwa Kiswahili chepesi, mbele ya mashahidi, na mimi nikakuonyesha mlango.

Jumatano nikaenda soko la mifugo kumtafuta adeer yako, ndugu wa baba yako. Viatu vyangu mpaka leo havijasafika. Nikamkuta kati ya ngamia, nikamvamia kwa maneno: mbona mnamwachisha mtoto shule?

"Sisi?" akashangaa. "Mwalimu, kijana nasema wewe nafukuza yeye."

"Mimi nilimtoa nje ya darasa! Kila siku natoa watu, wanakaa barazani dakika tano wanarudi!"

"Watoto ya town, labda. Huyu nalelewa na babu yake. Kwao mtu mkubwa akikutoa mbele ya watu, wewe hapana rudi mpaka uitwe. Ile mtu ametoa ndio narudisha. Na wewe hujatuma hata mtu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Sisi tulikuwa nangoja wewe." Akanitazama kwa huruma. "Bole, Mwalimu."

Ya Rabbi! Wiki saba mimi nakungoja wewe, nyinyi mnaningoja mimi, na mtihani haumngoji yeyote. Miaka minne niko mji huu, na hakuna aliyeona vyema kunidokeza jambo hilo. Nawe, na akili zako zote, hukuona kwamba mgeni anaweza kuwa hajui? Umenichosha, Noor. Mmenichosha nyote.

Lakini kosa ni langu, na nalisema. Jana nimelifuta lile duara na kulichora upya. Nimewaambia wenzako kwamba Noor alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na kwamba nilimtoa mtu kwa kunisahihisha. Hawakucheka. Mkuu wa shule amekubali: ukifika kabla ya Jumatatu ya mtihani wa vitendo, utaketi na wenzako. Baada ya hapo hata mimi sina uwezo.

Adeer yako amechukua nakala ya barua hii, atakusomea kwa simu utakapopata mtandao. Nakala nyingine nimeibandika kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aisome, na asubuhi hii naisoma gwarideni, mbele ya walimu, wapishi na bawabu. Nilikutoa mbele ya darasa moja. Leo shule nzima inanisikia nikisema: ingia, Noor.

Mimi niliyekutoa,
Mwalimu wako wa Biolojia