Macho ya Ignas

Leah, hebu sikia.

Mama Ignas kaja hapa dukani Mandewa na picha ya marehemu mwanae, ya simu, imejaa chenga. Anataka tumchonge kwenye marumaru ya kaburi.

Nikaiacha programu ya kompyuta ifuatishe sura kwa mistari laini, ifute na vidoa vyote vidogo. Kumbe weupe wa macho nao ikauona doa! Ikafuta. Ignas katokea amefumba macho.

Leah, AMEFUMBA MACHO.

"Samahani mama, nimekosea, nayarudisha."

Akanishika mkono. "Yaache. Siku ya ajali pale Shelui niliyafumba mwenyewe, yakawa yanafunguka tu."

Sasa mashine inachonga. Mama kanipa kisogo, hataki kuangalia. Kila ikinyamaza ananiuliza, "Hayajafunguka?"