Vigelegele kwenye khitma ya mama mkwe

Salma, nimekwisha mwenzio. Nimekwisha!

Si unaijua tovuti ya duka la mashela ya harusi la dada Mauwa, kule Temeke? Alitaka oda ikiingia, kompyuta ipige vigelegele. Nikaandika amri kwenye skripti, nikajaribu nikiwa huku nyumbani Mbweni. Kimya. Nikapandisha sauti. Kimya! Nimebonyeza mara tisa, Salma. MARA TISA.

Kumbe amri inatekelezwa kwenye seva, si kwenye kompyuta yangu, na seva ni ile kompyuta ya dukani, yenye maspika makubwa ya zamani, ya enzi za ruksa. Na duka liko barazani kwake, na leo hapo hapo wanamsomea khitma marehemu mama mkwe wake!

Dada akanipigia, ananong'ona: "Najat, unafanya nini?"

Mie nikamwambia: "Tulia dada, nairekebisha."

Nikabonyeza ya kumi. Vigelegele nikavisikia ndani ya simu yake.