Siku Watoto wa Dodoma Waliponicheka

Mwende mjukuu wangu,

Huku Tawa tuko salama, Mungu ni mwema. Mbaazi zimekubali mwaka huu, na mbuzi wa mjomba wako amezaa mapacha. Nimefurahi sana kusikia kanisa lenu linakupeleka Malawi kugawa Biblia mashuleni. Unaniuliza, "Susu, nikikosea lugha yao mbele ya darasa nitafanyaje?"

Nikiwa msichana kama wewe, kanisa letu lilitutuma Tanzania kwa kazi hiyo hiyo. Katika shule ya kwanza, karibu na Dodoma, nilisimama mbele ya darasa nikaita kwa sauti, "Kujeni mchukue Biblia!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo msichana mmoja akainua mkono. "Shikamoo, dada. Ni 'njooni'."

"Njooni," nikasema, nao wakanipigia makofi. Nilipomaliza kuwagawia nikawaambia, "Sasa nitasoma. Nikikosea, mnirekebishe."

Mwende, ungewaona! Kila mtoto alifungua Biblia yake haraka, kidole kwenye mstari, akinivizia. Ulimi wangu wa Kikamba ulipoteleza, walipaza sauti wote pamoja wakausoma mstari ule vile unatakiwa, nami nikacheka hadi machozi. Kengele ya uji ikalia, na hakuna aliyeinuka.

Basi nenda, mama. Wakicheka, cheka nao, halafu uwaombe wakusomee.

Ni mimi Susu yako, ninayekutaja kila asubuhi kwa maombi.