Mkono Wangu Ulikataa Kuiachia Tiara

Mama Chepkemoi wa gazeti,

Ejok, ndivyo tunavyosalimiana sisi Waturkana. Mimi ni mzee Lopeyok wa hapa Lodwar, barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi nimejifunza darasa la ngumbaru kwa miezi mitano tu na mwalimu Cornelius anasema hajaona mzee mwingine aliyezishika haraka hivi, kwa hivyo ukiona kosa ujue ni la kalamu. Mimi sijazoea kuomba mtu shauri, watu ndio huja kwangu, na kumwandikia mwanamke ni jambo linanishangaza mwenyewe, lakini nimeshtuka mama, nimeshtuka mpaka chakula hakipiti.

Nimeua simba wawili kwa mkuki upande wa Nakalale, na pale Lowarengak nilimnyang'anya mamba mbuzi wangu, uliza mtu yeyote. Sasa naogopa kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni tiara. Si ile ya watoto. Gitau, fundi wa malori kutoka Nyeri anayekaa hapa, aliishona kwa nguo ya mwavuli wa kushushia mizigo kutoka kwa ndege, ni pana kama paa la duka, ina kamba mbili ndefu ambazo zinakuja mpaka kwa mti mmoja wa kushikia, na upepo wetu wa asubuhi ukiingia ndani yake inavuta mtu mzima, miguu inateleza juu ya mchanga, na ukiruka unakaa hewani hata unaweza kuhesabu nne. Gitau alinifundisha jambo moja tu, alisema, "Mzee, ikikuzidi, achia mti. Ukiachia, inajikunja yenyewe inaanguka. Na usizungushe kamba mkononi hata kidogo."

Nikamwambia sawa, lakini mimi ni Mturkana. Mtu aliyeshika kamba ya ngamia dume haiachii hata akiburutwa, akiiachia wanawake watamcheka mpaka azeeke. Kwa hivyo Gitau akienda kule mbali kunyanyua kitambaa, huku nyuma mimi nazungusha kamba mara tatu kwa mkono wa kushoto, kama ya ngamia, Ekai rika langu akiwa kando yangu anaona. Na mimi nilikuwa namba moja, kutoka hapa mpaka Kalemng'orok hakuna mwingine.

Mwezi wa tatu ukaja upepo mbaya, na watu walikuwa wengi wakaanza kuita jina la dume langu la ng'ombe, lile la madoa, "Apalomeri! Apalomeri!" na mwanamume wa kwetu akiitwa kwa jina la dume lake damu yote inapanda kichwani. Tiara ikaninyanyua juu kama mti wa mkoma, ikanitupa, ikaniburuta kwenye mawe, ikaninyanyua tena. Bega likatoka, mguu ukavunjika mahali pawili. Miezi miwili nililala hospitali, daktari akasema hajaona mifupa migumu kama yangu.

Gitau alikuja akaniuliza nini ilitokea. Nikamwambia fundo lako lilikaza, mkono ukanaswa. Gitau alilia, mtu mzima. Akayafungua mafundo yote akayafunga upya, na mpaka leo kila mtu Lodwar anajua ilikuwa fundo.

Sasa nakwambia wewe peke yako. Haikuwa fundo. Mkono wa kulia nilikuwa nimevaa kile kisu chetu cha mviringo kama bangili, ningevuta ile ngozi inayofunika makali yake kwa meno na kugusa kamba tu, imekatika. Nilikiangalia, mama! Nilikuwa hewani nikapata nafasi ya kukiangalia! Nikasikia wanaita dume langu, nikakataa.

Mguu umepona. Siku ya Jamhuri watu wa Kakuma wametualika tuwaonyeshe tiara, na nilisema mbele ya wazee wote kwamba nitaruka mimi. Basi juzi Gitau akatandaza kitambaa, upepo ukakijaza, kikalia pwaa! na mikono yangu ikaanza kutetemeka kama si yangu. Nikasema tumbo linauma. Kesho yake nikasema jua ni kali. Siku ya tatu Ekai akacheka mbele ya watu, "Lopeyok, hiyo mimba ya tumbo lako ni ya nani? Leta kamba, Kakuma nitakwenda mimi." Akaichukua, na Gitau akiwa kule mbali kwa kitambaa akaizungusha mara tatu vile alivyokuwa akiniona mimi, watu wakapiga makofi. Mimi nikarudi nyumbani.

Mke wangu Nabei anasema, "Kaa chini mzee, upepo umeshakupiga, unataka tena ukuzike?" Sikai. Nataka kujua dawa ya kutetemeka ni gani, ili nirudi mahali pangu kabla Ekai hajachukua sifa yangu yote. Jina langu liandike kubwa. Lile jambo la kisu liache.

Lopeyok, Lodwar
14 Novemba 1977

MAMA CHEPKEMOI ANAJIBU:

Mzee Lopeyok, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti. Umeshtuka kwamba unaogopa? Mimi nimeshtuka kwamba umechelewa hivyo kuogopa!

Pole kwa mguu na bega, pole sana. Najua maumivu ya mzee aliyezoea kuitwa kisha anabaki kuangalia wengine. Lakini usinipige chenga. Wewe huogopi kitambaa wala upepo. Unauogopa mkono wako wa kushoto, kwa sababu unaujua: ukiitiwa dume lako, hautaachia. Una haki ya kuuogopa. Hata mimi nauogopa nikiwa huku Nairobi.

Tiara si ngamia, mzee wangu. Ngamia huchoka. Upepo wa Turkana umeuona ukichoka lini?

Kwa hivyo sikia dawa yako. Tafuta asubuhi yenye upepo mdogo, mahali pa mchanga pasipo na mawe, Gitau awe kando yako, kitambaa kinyanyuliwe na mtu mwingine. Shika mti kwa vidole tu. Ikikuvuta hatua tano, achia. Ifuate, irudishe, shika, achia tena. Fanya hivyo kila siku mpaka mkono ufunguke bila kungoja ruhusa yako. Ukishaweza, waite watu wale wale na uwaambie waite jina la dume lako kwa nguvu zao zote. Waache waite, na wewe uachie wakiwa bado wanaita. Watacheka? Wacheke. Ukishindwa siku hiyo, Kakuma utakwenda kama mtazamaji na utapiga makofi kama wengine.

Halafu kuna jambo ambalo umelipitia juu juu kama mtu anayeruka matope. Ekai amezungusha kamba mara tatu, kwa kuwa alikuona, na kwa kuwa wewe ulimwambia kosa lilikuwa fundo. Anaamini mafundo mapya ya Gitau yatamlinda. Mzee, unalilia sifa, na rika lako anakwenda kufa kwa uongo wako! Na Gitau, aliyekuonya kwa maneno mepesi hata mtoto angeyaelewa, umemwachia alie miezi minane kwa kosa lisilo lake. Hapo sina pole.

Uliniomba niliache jambo la kisu. Sitaliacha. Najua pia kwamba gazeti hili hupanda lori kutoka Kitale na huweza kuchukua wiki nzima kufika kwenu, na Ekai anaweza kushika kamba kesho asubuhi. Kwa hivyo jana barua yako iliponifikia nilikwenda posta na kumtumia Gitau simu ya maandishi: EKAI ASIZUNGUSHE KAMBA MKONONI. SI FUNDO LAKO. MUULIZE LOPEYOK.

Wakati unasoma haya, Gitau ameshapiga hodi kwako. Nikasirikie utakavyo, nitavumilia. Lakini kama bado hujamjibu, acha gazeti hapo ulipo, mwite na Ekai, uwaambie wote wawili.