Propela ya Gari la Mzee Mhina

Jumatatu, 7 Aprili

Breki mbili, klachi moja, chai bila kitafunwa. Mchana limeletwa gari la Mzee Mhina wa Kwamsisi, limevutwa kwa kamba. Jekundu. Bampa la nyuma limekunjika, kioo cha nyuma hakuna.

Ijumaa alfajiri alikuwa anampeleka binti yake Mwanahamisi kujifungua. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kilima cha kutoka kijijini gari likagoma kupanda, likarudi kinyumenyume mpaka korongoni. Binti amelazwa. Mtoto wamemzika.

Mzee hakukaa hata kwenye kiti nilichomvutia. Kasema kitu kimoja: “Nilinunua gari la kusukuma kwa miguu yote minne. Niambie kwa nini lilinitupa.”

Nilipandwa na hasira kabla sijashika spana.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeanza na matairi. Saizi moja yote, meno yapo. Oili ya difu safi. Nikainua gari zima juu ya magogo, nikawasha, nikaweka gia. Ya mbele yanazunguka. Ya nyuma kimya. Nikalisukuma moja kwa kidole, likazunguka kama la baiskeli.

Nikashuka shimoni. Tope limeganda chini ya gari kama zege, nikalibomoa kwa tindo. Hakuna propela. Kile chuma kirefu cha kupeleka nguvu nyuma hakipo. Fundi fulani amekitoa ili gari lisinywe mafuta, kisha likauzwa na aliyenunua hakuambiwa.

Nimepiga ndoo teke, nimepiga ukuta ngumi. Mkono umevimba. Nataka kumuua mtu. Naandika kama ilivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Mzee kauliza ni nani. Nikamuuliza nani alikuwa fundi wake wa mwisho. Akasema Ayubu wa Handeni, alimfungia shokapu mwaka jana.

Basi ni Ayubu, nikasema. Sikufikiri hata dakika moja. Saidi, kaka yake Mwanahamisi, alikuwa kasimama nyuma ya baba yake.  Kaokota spana yangu ya magurudumu, kaipima uzito.

Alhamisi, 10 Aprili

Handeni. Tumemkuta Ayubu anakula mihogo. Saidi alimpiga teke la kifua, sahani ikaruka. Mimi nilimshika mkono nikaulaza juu ya jiliwa yake mwenyewe, ile ya kubania vyuma. Saidi alipiga mara tatu. Vidole vilivunjika kama kuni kavu. Damu kwenye mihogo.

Alikuwa anapiga kelele: “Kaka, mimi nilishika shokapu tu! Kaangalieni kizibo! Kaangalieni alivyoziba!” Nikampiga kofi la mdomo anyamaze.

Njia nzima ya kurudi kwangu Korogwe nilijisikia vizuri. Nililala fofofo.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana Ijumaa sikufungua gereji. Leo nimeosha gari chini nianze kazi.

Ukiitoa propela, gia boksi inamwaga oili kwenye tundu ilipokuwa, kwa hiyo lazima uzibe. Kila fundi ana namna yake. Wengine mti, wengine kopo. Mimi huziba kwa mpira wa tyubu ya pikipiki, mikunjo minne, waya wa kufungia nondo mizunguko mitatu, ncha naikunja ndani isinichane. Aliyenifundisha alikuwa marehemu baba. Sijawahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo.

Mikunjo minne. Mizunguko mitatu. Ncha ndani.

Nimekata waya, nimetoka shimoni na kizibo mkononi.

Bado Jumamosi

Nimelikumbuka. Lilikuwa jeupe, halijapakwa nyekundu, la mwalimu mmoja wa Hale. Alilalamika mafuta, kama wote wanavyolalamika. Kazi ya nusu saa. Sikuuliza barabara gani, mvua gani, nani atalinunua. Nimeshatoa propela ngapi? Sijui. Mbwa mimi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetafuta propela kila rundo la vyuma. Nimeikuta nyuma ya choo. Mke wangu ameisimika, anafungia kamba ya kuanikia nguo. Nimemnyang'anya nguo zikiwa mbichi, zikaanguka matopeni. Kanitukana. 

Nimesikia habari za Ayubu. Alipokwenda kuchukua fomu ya polisi ili atibiwe, alisema jeki iliteleza, gari likamwangukia mkono. Anaogopa tutarudi. Vidole viwili wamevikata.

Jumatatu, 14 Aprili

Imeingia vizuri. Ni yake. Nimekaza nati zote mara mbili. Nikiwa chini nilimpiga ngumi mtu asiyekuwepo.

Ningeweza kuutupa ule mpira Mto Pangani. Nimeuweka mfukoni.

Jumatano, 16 Aprili

Jana Mzee kaja. Nikasema shikamoo, nikamwekea mpira mkononi, nikamweleza vyote ni vyangu, mpira na kosa. Nilingoja anipige. Aliugeuzageuza, akaniuliza kama Ayubu ana watoto. Nikasema wanne. Akapanda kiti cha abiria, akaniambia niendeshe, Saidi yuko nyumbani, nikamwambie mwenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tulikishuka kile kilima mpaka kijijini, Mzee akaniambia nigeuze nipande tena, na katikati akasema simama. Nikasimama. Kulia kwetu korongo, vipande vya kioo bado vimo. 

“Ondoka,” akasema.

Nikaachia klachi. Magurudumu manne yalishika tope na gari likapanda taratibu, halikuteleza hata kidogo. Mzee aliziba uso kwa kofia yake akalia mpaka juu.

Tuliposhuka tena kijijini, Saidi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye matope akaiangalia mikono yake. Nilimwachia Mzee funguo, nikarudi kwa miguu.